Betri za umeme zahitaji mizani Kibiti

MKULIMA wa Kibiti akipeleka korosho zake kwenye ghala la chama cha msingi, jambo la kwanza linalofanyika ni kupima. Gunia hupandishwa juu ya mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, korosho huangaliwa daraja, na ndipo stakabadhi huandikwa. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika katika zao hilo msimu wa 2007/2008, umelaumiwa kwa mengi, hasa ucheleweshaji wa malipo. Hata hivyo, hajatokea mkulima wala mnunuzi aliyependekeza kwamba mizani iondolewe.

Kijana wa mji huohuo anayetaka kununua pikipiki ya umeme hana mizani ya aina hiyo. Anaoneshwa chombo kinachong'aa, anaambiwa kwamba betri inakwenda kilomita kadhaa kwa chaji moja, na anatakiwa kuamini. Kama betri ni mpya na nzuri, amepata. Kama ni seli zilizokwisha chakaa zikafungwa upya ndani ya kasha jipya, ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na atatambua hivyo siku atakapozimikiwa njiani akiwa na abiria na mzigo.

Tofauti hiyo kati ya korosho na betri ndiyo itakayoamua kama biashara ya vyombo vya umeme itawanufaisha wakazi wa Kibiti na delta ya Rufiji, au itawaachia madeni na makasha matupu. Mjadala mwingi kuhusu vyombo hivi umekuwa juu ya bei, kodi na vituo vya kuchajia. Vifaa vya kupimia havitajwi sana, ingawa ndivyo vinavyotakiwa kutangulia.

SOKO LINAKOELEKEA

Hakuna shaka kwamba vyombo vya umeme vinakuja. Nchini Rwanda kampuni ya Ampersand imekuwa ikibadilishia waendesha pikipiki betri tangu mwaka 2019. Nchini Kenya Rais William Ruto alizindua mpango wa bodaboda za umeme mjini Mombasa Septemba 2023. Uganda, ambako Chuo Kikuu cha Makerere kilionesha gari la Kiira EV mwaka 2011, sasa inaunda mabasi ya umeme Jinja. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi mwaka 2024 kwa kupiga marufuku uingizaji wa magari ya mafuta. Hapa Tanzania, pikipiki na bajaji za umeme zimekwisha kuonekana katika mitaa ya Dar es Salaam, na kwa kawaida kinachouzwa Kariakoo hakichelewi kufika Kibiti, mji ulio kando ya barabara ya Kilwa, umbali usiofika kilomita 150.

Aidha, umeme wenyewe unazalishwa jirani. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, limejengwa juu ya mto huohuo wa Rufiji, na mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024. Mwendesha bodaboda wa Kibiti anayeumizwa na bei ya petroli ana haki ya kujiuliza kwa nini asitumie umeme unaotokana na maji ya mto wa nyumbani kwao.

Kwa upande wa delta, hesabu ni hiyohiyo. Kutoka Nyamisati hadi vijiji vya Salale, Mbwera na Kiongoroni, usafiri ni wa boti, na boti zenye mashine hunywa mafuta. Mvuvi wa kamba hugawa mapato yake kati ya mafuta, barafu, nyavu na kula. Mashine ya boti inayotumia betri iliyochajiwa kwa jua ingepunguza fungu la kwanza. Betri za sola nazo zinatumika katika nyumba na maduka, kwa hiyo elimu ya betri si ngeni kabisa. Kilicho kigeni ni betri inayogharimu sehemu kubwa ya bei ya chombo kizima.

NINI HUPIMWA

Zamani fundi wa betri za gari alikuwa na haidromita, kijibomba cha kioo anachonyonyea tindikali na kusoma kama betri ina nguvu. Betri za lithiamu zimefungwa, hazina tindikali ya kunyonya. Voltimita ya kawaida nayo haitoshi, kwa sababu betri iliyochoka ikichajiwa huonesha volti zilezile za betri mpya. Ugonjwa wake huonekana inapofanyishwa kazi.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni mashine ya kuchaji na kutoa umeme. Betri hujazwa, kisha umeme wake hutolewa kwa kasi maalumu huku mashine ikihesabu kiasi kilichotoka mpaka betri inapofika mwisho. Chukulia betri ya pikipiki yenye volti 72 na saa-ampea 40. Ikiwa mpya inapaswa kutoa wati-saa 2,880, yaani karibu uniti 3 za umeme. Kama pikipiki inatumia wati-saa 40 kwa kilomita, betri hiyo itakwenda kilomita 72. Ikiwa imebakiwa na asilimia 70 ya uwezo, itatoa wati-saa 2,016 na kuishia kilomita 50. Kwa macho betri hizo mbili hazina tofauti. Kwa mwendesha bodaboda, tofauti ni kilomita 22 za abiria kila siku.

Kipimo cha pili ni cha ukinzani wa ndani. Betri inapozeeka, umeme hupita ndani yake kwa shida zaidi, sehemu ya nguvu hugeuka joto, na chombo hulegea kinapopanda kilima au kinapopita kwenye mchanga. Kifaa chake hushikika mkononi na jibu hupatikana kwa muda mfupi. Cha tatu ni kipimo cha kuvuja kwa umeme kati ya nyaya na bodi ya chombo, ambacho ni ulinzi wa maisha ya anayekigusa. Cha nne ni kamera ya joto, inayoonesha seli moja inayochemka kuliko wenzake kabla haijawasha nyingine.

Vifaa hivyo vinne vinaenea katika chumba kimoja chenye umeme wa uhakika. Vipo vingine vinavyohitaji maabara kubwa, kama vile meza ya kutikisa, tanuri la joto na baridi, chemba ya ukungu wa chumvi, na rola za kuendeshea chombo kikiwa kimesimama ili kupima nguvu ya mota. Hivyo havistahili kuwekwa katika kila wilaya, na wala hakuna anayedai hivyo.

Ni muhimu kutofautisha kazi za makundi hayo mawili. Maabara kubwa hupima aina ya bidhaa. Mathalani, kifungu 38.3 cha mwongozo wa majaribio wa Umoja wa Mataifa, kinachohusu usafirishaji wa betri za lithiamu, kina majaribio 8, yakiwemo ya joto la nyuzi 72 na baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, mtikisiko, mshtuko, kupigwa shoti na kuchajiwa kupita kiasi. Betri chache za mfano zikifaulu, aina nzima hupata cheti. Cheti hicho ni cha lazima na kina faida, lakini hakisemi lolote kuhusu betri moja iliyokwisha kutumika miaka mitatu Dar es Salaam na sasa inauzwa kando ya stendi ya Kibiti.

CHUMVI NA MAFURIKO

Sababu nyingine ya kutotegemea cheti cha mbali ni mazingira yenyewe. Delta ya Rufiji ina takriban hekta 50,000 za mikoko, ambao ni msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake katika Afrika Mashariki. Wakati wa bamvua maji hupanda zaidi ya mita 3, na kiangazi chumvi husogea juu kufuata mito. Hewa ni ya chumvi, boti huvutwa kwenye tope, na mizigo hupakuliwa na watu waliosimama majini.

Kasha la betri lenye alama ya IP67 limepimwa kwa kuzamishwa katika maji ya mita 1 kwa dakika 30. Maji hayo ni baridi, yaani hayana chumvi. Kwa pikipiki inayopita kwenye dimbwi mjini, kipimo hicho kinatosha. Kwa boti ya Mbwera, ambayo betri yake inaweza kukaa kwenye maji ya chumvi ya chini ya mashua usiku kucha, hakitoshi. Jaribio la ukungu wa chumvi linalofahamika kimataifa hutumia maji yenye gramu 50 za chumvi kwa lita, yakipulizwa katika joto la nyuzi 35, kwa saa nyingi mfululizo. Hilo ndilo jaribio ambalo mnunuzi wa delta anapaswa kuliulizia kwanza.

Bara nako si salama. Mafuriko ya mwaka 2024 yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti kwa siku nyingi. Pikipiki ya petroli iliyozama humwagwa mafuta, husafishwa kabureta na hurudi barabarani. Betri ya lithiamu iliyoingiwa na maji huweza kuonekana nzima, ikachajiwa, kisha ikashika moto siku kadhaa baadaye. Baada ya mafuriko yajayo, mtu asiye na kifaa cha kupimia atakuwa na njia mbili tu: kutupa mali ambayo pengine ni nzima, au kuichaji ndani ya nyumba ya makuti huku akiomba Mungu.

HASARA YA KUTOPIMA

Wanafunzi wa biashara wanalifahamu andiko la mwanauchumi wa Marekani George Akerlof la mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika, ambalo lilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Hoja yake inaweza kuhamishiwa Kibiti bila kubadilishwa.

Chukulia kwamba katika soko kuna betri nzuri zenye thamani ya Sh. 1,000,000 na mbovu zenye thamani ya Sh. 400,000, kwa idadi sawa. Muuzaji anajua ya kwake ni ipi, mnunuzi hajui. Mnunuzi mwenye akili atatoa bei ya katikati, Sh. 700,000. Kwa bei hiyo mwenye betri nzuri hauzi, anaiondoa sokoni. Zinabaki mbovu peke yake, na bei inateremka hadi Sh. 400,000. Mwisho wa yote, biashara ya betri nzuri imekufa ingawa wauzaji wapo na wanunuzi wapo.

Sasa ingiza kipimo cha Sh. 10,000. Mwenye betri nzuri atakilipa kwa furaha, kwa sababu karatasi ya majibu inamrudishia Sh. 600,000 ambazo mashaka yalikuwa yamemnyang'anya. Mwenye betri mbovu naye atapata mteja wake halali, mathalani mwenye duka anayetaka kuwasha taa na redio, kazi ambayo haihitaji nguvu nyingi.

Hasara haiishii kwa muuzaji na mnunuzi. Mkopeshaji anayetoa fedha za kununua chombo hukitegemea chombo hicho kama dhamana. Pikipiki ya petroli ikirudishwa kwa deni, fundi huiwasha, huisikiliza na kutaja bei. Pikipiki ya umeme ikirudishwa, hakuna wa kutaja bei ya betri. Mkopeshaji asiyeweza kuthamini dhamana hufanya moja kati ya mambo mawili: hukataa kukopesha, au hupandisha riba na malipo ya awali. Kwa vyovyote anayeumia ni kijana asiye na mtaji.

Jambo hili linazigusa pia halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo ya makundi maalumu, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na vyombo vya usafiri ni miongoni mwa miradi inayoombewa fedha hizo. Kikundi cha vijana kikikopeshwa pikipiki za umeme zenye betri zilizochoka, halmashauri itakuwa imenunua kesi ya madeni badala ya mradi.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wapo wanaosema kwamba ni mapema mno. Vyombo vya umeme Kibiti bado ni vichache, hivyo mashine ya kupimia itakaa bila kazi. Hoja hiyo ina uzito, lakini betri zinazoweza kupimwa si za pikipiki peke yake. Za sola, za minara ya simu, za taa za uvuvi na za bajaji zote hupimwa na mashine ileile ikichaguliwa vizuri. Hesabu nayo si ya kutisha. Betri ya saa-ampea 40 ikitolewa umeme kwa ampea 20 humaliza kwa saa 2. Kwa betri 4 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, na ada ya Sh. 10,000, makusanyo ni Sh. 1,000,000. Anayetaka kuagiza mashine aanze na tarakimu hiyo, aondoe umeme, pango na mshahara, kisha ajue ni bei gani ya mashine inayoweza kubebwa na kinachobaki.

Wengine wanasema kazi hiyo ni ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975 na lenye makao yake Ubungo, na kwamba tangu mwaka 2012 bidhaa nyingi hukaguliwa huko zinakotoka kabla ya kupakiwa melini. Ni kweli, na ukaguzi huo usilegezwe. Lakini umekusudiwa bidhaa zinazoingia nchini. Betri huchakaa baada ya kuingia. Mizani ya korosho haikuwekwa bandarini. Iliwekwa pale mkulima na mnunuzi wanapokutana.

Kundi la tatu linaelekeza macho Kigali na Nairobi, ambako mwendesha pikipiki hanunui betri bali huibadilisha kituoni na kulipia umeme. Katika utaratibu huo hatari ya betri mbovu hubaki kwa kampuni, ambayo huzipima yenyewe kila zinaporudi. Ni utaratibu mzuri kwa miji yenye pikipiki nyingi zinazozunguka karibu karibu. Kwa delta yenye vijiji vilivyotenganishwa na mikono ya mto, ni vigumu kuona kampuni ikijenga vituo kila kisiwa. Huko mtu atamiliki betri yake, na hatari itakuwa yake.

Hofu iliyo ya kweli zaidi ni kwamba kituo cha kupimia kinaweza kugeuka duka la vyeti, anayelipa zaidi akapewa majibu mazuri. Dawa yake ipo katika mashine zenyewe. Majibu yachapwe na mashine, si kuandikwa kwa mkono, yakiwa na namba ya betri, tarehe na mchoro wa jinsi volti zilivyoshuka. Mashine yenyewe ipimwe kila mwaka na kufungwa lakiri, kama ilivyo kwa mizani na pampu za mafuta.

NINI KIFANYIKE

Hatua ya kwanza ni kuwa na chumba kimoja cha kupimia mjini Kibiti chenye vile vifaa vinne, na baadaye kingine Nyamisati kwa ajili ya boti. Kinaweza kuendeshwa na kikundi cha vijana waliopitia mafunzo ya umeme VETA, chini ya uangalizi wa SIDO, shirika ambalo kazi yake tangu mwaka 1973 ni kulea viwanda vidogo. Mkopo wa halmashauri unaonunua mashine ya kupimia pikipiki 100 una kinga kubwa kuliko mkopo unaonunua pikipiki 2 ambazo hazijapimwa.

Hatua ya pili ni ya serikali kuu. Betri nyingi za kisasa zina bodi ya ulinzi inayohifadhi historia: imechajiwa mara ngapi, imepata joto kiasi gani, seli ipi imelegea. Mara nyingi habari hizo zimefungwa kwa programu ya mwenye kiwanda, na fundi wa Kibiti hawezi kuzisoma. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya betri ya mwaka 2023, umeweka kwamba kuanzia Februari 2027 betri za magari ya umeme na vyombo vyepesi ziwe na pasipoti inayoeleza habari zake. Tanzania haina haja ya kunakili kanuni yote. Inatosha kuweka sharti moja katika kiwango cha uingizaji: betri ambayo hali yake haiwezi kusomwa na fundi wa kawaida isiruhusiwe kuuzwa. Uamuzi huo utakuwa rahisi kuutekeleza sasa, wakati betri ni chache, kuliko baadaye.

Hatua ya tatu ni ya wakopeshaji. Benki na vyama vya akiba na mikopo vikitamka kwamba havikopeshi chombo cha umeme bila karatasi ya kipimo isiyozidi siku 30, soko la vipimo litajitokeza lenyewe bila semina wala warsha. Wauzaji waliozoea kutaja kilomita kwa mdomo watalazimika kuzithibitisha kwa mashine.

Wafanyabiashara wa zamani walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Betri ni mali ya namna hiyo hasa, kwa sababu hupungua kimya kimya, kidogo kila siku, bila kubadilika sura. Mkulima wa korosho alipigania mizani kwa miaka mingi baada ya kuibiwa sana. Mwendesha bodaboda wa Kibiti na mvuvi wa Salale wana nafasi ya kuipata yao kabla ya kuibiwa.